Kiini cha Seli na Uvimbe wa Taya la Mtoto

Neno "kiini" si geni katika nyumba yoyote. Mama apasuapo yai hukiona kiini chake cha manjano katikati ya ute. Seremala apasuapo gogo hukitafuta kiini cha mti, ile sehemu ngumu ya ndani isiyoliwa upesi na wadudu. Na mzee wa baraza, maneno yakizidi kuzunguka, huwaambia watu waache ya pembeni waingie katika kiini cha jambo. Katika matumizi yote hayo kiini ni kitu cha ndani ambacho vilivyo nje hukitegemea.

Juma hili ukurasa wetu unazungumza juu ya kiini kingine, ambacho jicho la mtu haliwezi kukiona pasipo msaada wa hadubini. Nacho ni kiini cha seli. Huenda msomaji akauliza: je, hayo si masomo ya vijana wa sekondari? Yanamhusu nini mama wa Abuku anayepalilia mihogo yake, au baba anayeuza ufuta katika soko la Koboko? Jibu ni kwamba yanawahusu sana. Katika West Nile, tangu Arua hadi Koboko, uko ugonjwa wa watoto ambao mara nyingi huanza kwa uvimbe wa taya, na chanzo cha ugonjwa huo kimo ndani ya kiini cha seli moja tu. Mzazi akielewa kiini ni nini, ataelewa pia mambo mawili yanayookoa maisha: kwa nini asichelewe kumpeleka mtoto hospitalini, na kwa nini asimrudishe nyumbani kabla ya dawa kwisha.

SELI NA KIINI CHAKE

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, kama vile ukuta ujengwavyo kwa matofali. Lakini tofali ni kitu kisicho na uhai, ilhali seli hula, hupumua, hutoa taka, na aghalabu hugawanyika ikazaa seli mbili. Mwaka 1831 mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, Robert Brown, alipokuwa akichunguza maua ya jamii ya okidi kwa hadubini, aliona doa la mviringo katika kila seli. Ndiye aliyelipa jina la kiini. Kazi ya doa hilo hakuijua, na dunia ilikaa zaidi ya miaka 100 kabla ya kuielewa vema.

Hapa yafaa tuondoe mkanganyo mmoja. Kiini cha manjano cha yai la kuku si kiini tunachokizungumzia. Manjano yale ni akiba ya chakula cha kifaranga. Kiini cha seli, katika yai, ni kidogo mno, na makao yake ni katika lile doa jeupe linaloonekana juu ya manjano.

Udogo wa kiini cha seli ni wa kushangaza. Kwa kawaida ukivipanga viini 100 katika mstari mmoja, urefu wake hautapita milimita moja. Walakini kitu hicho kidogo kina mpangilio wake kamili. Kwanza kimezungukwa na utando wa tabaka mbili. Utando huo una vitundu vingi, maelfu katika kiini kimoja, na kila kitundu kina protini zinazofanya kazi ya ulinzi. Vitu vidogo sana hupita bila kuulizwa, bali vile vikubwa havipiti mpaka viwe na alama ya ruhusa.

Ndani ya utando huo zimo nyuzi nyembamba ziitwazo DNA. Nyuzi za kiini kimoja zikinyoshwa na kuunganishwa hufikia karibu mita mbili, yaani zaidi ya kimo cha watu wengi. Zinaenea humo kwa sababu zimezungushwa juu ya protini, kama uzi wa cherehani unavyozungushwa juu ya kijiti chake, kisha zikakunjwa tena na tena. Kwa binadamu nyuzi hizo zimo katika mafungu 46 yaitwayo kromosomu, 23 kutoka kwa mama na 23 kutoka kwa baba. Idadi hiyo ilithibitishwa mwaka 1956 na Joe Hin Tjio na Albert Levan, waliokuwa wakifanya utafiti katika mji wa Lund, nchini Uswidi.

DNA ni maandishi. Yana herufi nne tu, lakini mpangilio wake ni mrefu kupita kitabu chochote, kiasi cha herufi bilioni 3 katika sehemu aliyoirithi mtu kutoka kwa mzazi mmoja. Kipande cha maandishi chenye agizo moja huitwa jeni. Binadamu ana kiasi cha jeni 20,000 zinazotoa maagizo ya kutengeneza protini, na protini ndizo zinazojenga nyama, ngozi na damu, na kuendesha kazi karibu zote za mwili. Humo humo ndani ya kiini lipo doa jeusi zaidi liitwalo nukleoli. Hapo huundwa vipande vya ribosomu, yaani mitambo midogo itakayotengeneza protini nje ya kiini.

MASJALA YA MWILI

Yeyote aliyepata kwenda ofisi ya serikali kutafuta cheti anaijua masjala. Daftari asilia halitolewi nje. Karani hufungua ukurasa unaotakiwa, huunakili, na nakala hiyo ndiyo itokayo mlangoni kwenda kufanyiwa kazi. Ikipotea nakala, hakuna msiba, kwani daftari lipo. Likiharibika daftari, hata nakala zitakazofuata zitakuwa na kosa lile lile.

Kiini nacho huendeshwa kwa taratibu hiyo. DNA haitoki nje. Jeni ikihitajiwa, hunakiliwa katika uzi mfupi uitwao RNA. Nakala hiyo hupita katika kitundu cha utando, huikuta ribosomu, na ribosomu husoma agizo na kuunda protini iliyotajwa. Kazi ikiisha, nakala huvunjwa.

Katika kila kiini kuna daftari zima, lakini hakuna seli inayolisoma lote. Seli ya ini hufungua kurasa za ini, seli ya ngozi hufungua kurasa za ngozi, na kurasa nyingine hubaki zimefungwa. Uzima wa mwili unategemea sana kufunga huko. Katika daftari hilo mna kurasa zenye amri ya kugawanyika. Kwa mtoto anayekua, au kwa jeraha linalopona, kurasa hizo hufunguliwa kwa muda, kisha hufungwa. Na kabla ya seli kugawanyika, kiini huandika daftari la pili lililo sawa na la kwanza, herufi kwa herufi, ili kila seli changa ipate lake.

Anayetaka kujua thamani ya kiini na atazame damu yake mwenyewe. Seli nyekundu za damu, zinapokomaa katika uboho wa mifupa, hutupa viini vyao ili zipate nafasi kubwa ya kubeba hewa safi. Tangu siku hiyo haziwezi tena kuzaa wala kutengeneza kilichoharibika. Huishi kiasi cha siku 120, kisha hufa. Seli isiyo na kiini ni kama ofisi iliyopoteza daftari lake: itafanya kazi kwa akiba iliyokwisha kuwekwa, na akiba ikiisha itafungwa.

DAKTARI WA JICHO MOJA NA DAKTARI WA KULUVA

Sasa tuje katika ugonjwa wenyewe. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Dakta Hugh Trowell alimwita mwenzake aitwaye Denis Burkitt amtazame mtoto mmoja. Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliyepoteza jicho moja utotoni. Mtoto yule alikuwa na uvimbe katika mataya yote mawili, kulia na kushoto, juu na chini. Majuma machache baadaye Burkitt alikwenda Jinja, akamwona huko mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Hapo akaanza kukusanya habari. Mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe huo katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza, na baadaye ugonjwa ukaitwa kwa jina lake: limfoma ya Burkitt. Ni saratani, yaani kansa, ya seli nyeupe za damu.

Burkitt alitaka kujua ugonjwa huu unapatikana wapi na wapi haupatikani. Mwezi wa Oktoba 1961 alianza safari ya gari pamoja na madaktari wawili, Cliff Nelson na Ted Williams. Huyu Ted Williams si mgeni kwetu. Alikuwa daktari wa hospitali ya Kuluva, jirani na mji wa Arua, na wazee wengi wa West Nile walipata kutibiwa kwake. Watu hao watatu walisafiri majuma 10, mwendo wa kiasi cha maili 10,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika. Walipita hospitali zaidi ya 50, na katika kila hospitali walitoa picha za watoto wagonjwa na kuuliza: je, uvimbe kama huu mmepata kuuona?

Majibu yalichora ramani ya ajabu. Ugonjwa ulikuwa katika nchi za joto na mvua za kutosha, na ulitoweka katika nyanda za juu zenye baridi. Hapa kwetu Uganda ulionekana sana West Nile, Acholi na Lango, bali katika milima ya Kigezi ulikuwa nadra. Aliyeitazama ramani hiyo aliona kwamba inafanana na ramani ya malaria kali.

Wakati huo huo mtaalamu mwingine, Anthony Epstein, alikuwa amemsikia Burkitt akisimulia habari hizi mjini London mwaka 1961. Akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Virusi hivyo huitwa Epstein-Barr. Hupita kwa mate, na katika Afrika karibu kila mtoto huvipata akiwa angali mdogo sana, bila kuumwa lolote la kutisha.

WATOTO 42,000

Swali likawa hili: je, virusi vile ndivyo vinavyoleta ugonjwa, au vimekutwa tu mahali pa tukio kama mpita njia? Ili kulijibu, palihitajika watoto wengi wapimwe damu wakiwa wazima, kisha wangojewe kwa miaka. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilichagua West Nile. Tangu mwaka 1972 damu ya watoto kiasi cha 42,000 ilichukuliwa katika vijiji vya eneo letu na kuhifadhiwa katika baridi kali. Mwaka 1978 matokeo yalichapishwa. Watoto waliokuja kuugua walionekana kwamba, tangu wakiwa wazima, damu yao ilikuwa na dalili nyingi za kupigana na virusi hivyo. Aliyekuwa na dalili nyingi kupita kiasi alikuwa katika hatari ya kuugua mara 30 kuliko wenzake.

Jambo hili wananchi wa West Nile hawana budi kulijua na kulikumbuka. Uthibitisho wa kwamba virusi vinaweza kuchangia saratani ya binadamu ulitokana kwa sehemu kubwa na mikono midogo ya watoto wetu iliyonyoshwa ichomwe sindano. Akina mama waliowabeba hawakulipwa umaarufu wowote, wala majina yao hayamo vitabuni.

Malaria nayo iliendelea kuchunguzwa. Huko North Mara, Tanzania, kati ya miaka 1977 na 1982 watoto walipewa klorokwini ili kuzuia malaria. Wagonjwa wa uvimbe wa taya walipungua, ingawa upungufu huo ulikuwa umeanza hata kabla ya dawa kutolewa, hivyo wataalamu hawakukata shauri kwa uchunguzi huo peke yake. Uchunguzi mwingi uliofuata katika Uganda, Kenya, Tanzania na Malawi umezidi kuonyesha kwamba malaria ya mara kwa mara na ugonjwa huu vinakwenda pamoja.

UKURASA ULIOUNGWA PASIPO PAKE

Lakini mbona karibu watoto wote wana virusi, wengi huugua malaria, na wachache tu hupata uvimbe? Hapa ndipo tunaporudi katika kiini.

Mwaka 1972, huko Uswidi, George Manolov na Yanka Manolova walitazama kromosomu za seli za uvimbe wa Burkitt. Waliona kromosomu ya 14 ina kipande kilichozidi. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake walionyesha kwamba kipande hicho kilitoka katika kromosomu ya 8. Na mwaka 1982 ilijulikana kipande hicho kilibeba nini: kilibeba jeni iitwayo MYC, ambayo ni mojawapo ya zile kurasa zenye amri ya kugawanyika.

Sasa fikiri, msomaji. Uvimbe huu huanzia katika zile seli nyeupe ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili, yaani silaha za mwili dhidi ya magonjwa. Kwa kuwa adui wa mwili hubadilika kila mara, seli hizi zimepewa ruhusa ambayo seli nyingine hazina: zinaweza kukata sehemu fulani ya daftari lao na kuiunga upya, ili zipate silaha mpya. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika katika kromosomu ya 14, na ukurasa wa silaha uliopo hapo hubaki wazi usiku na mchana.

Kwa kawaida kukata na kuunga huko huenda salama. Lakini malaria inapomrudia mtoto tena na tena, seli hizi huamshwa kwa wingi, na makato huongezeka. Virusi vya Epstein-Barr navyo huzisaidia kuendelea kuishi seli ambazo zingestahili kufa. Katika vurugu hiyo hutokea siku moja, katika kiini cha seli moja, kipande cha kromosomu ya 8 kikaungwa penye kromosomu ya 14. Ukurasa wa "gawanyika" umebandikwa kando ya ukurasa usiofungwa kamwe. Tangu hapo karani wa kiini hunakili amri hiyo bila kupumzika. Seli hugawanyika, na kwa kuwa kila seli changa hupewa nakala ya daftari zima, kosa nalo hurithiwa na zote.

HESABU YA KUDURUFIKA

Saratani hii inahesabiwa miongoni mwa zile zinazokua upesi kuliko zote za binadamu. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Na tufanye hesabu ya darasani. Seli moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, nne zikawa nane. Ukiendelea hivyo mara 10 utapata 1,024. Mara 20, utapita milioni. Mara 30, utapita bilioni, na bilioni moja ya seli ni uvimbe wa kiasi cha ncha ya kidole. Ikisha fika hapo, kila hatua moja zaidi ni ukubwa mara mbili. Mwilini mambo huenda polepole kuliko karatasini, kwa kuwa seli nyingi hufa njiani, lakini funzo halibadiliki: juma moja la kungoja si jambo dogo. Mtoto aliyeonekana Jumapili ana meno yanayolegea anaweza kuwa, kabla ya mwezi kwisha, amevimba hata jicho limetokeza nje.

Habari njema ni kwamba kasi hiyo hiyo ndiyo udhaifu wa ugonjwa. Tangu miaka ya mwanzo ya 1960 Burkitt na wenzake waliona kwamba uvimbe huu huyeyuka kwa dawa. Mwaka 1967 kilianzishwa Mulago kituo cha kutibu ugonjwa huu, ambacho baadaye kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Dawa mojawapo iliyotumika tangu zamani, saiklofosfamaidi, hufanya kazi yake ndani ya kiini chenyewe. Hufunga nyuzi za DNA pamoja, daftari lisiweze kunakiliwa, na seli inayotaka kugawanyika hushindwa ikafa. Seli zinazogawanyika upesi ndizo zinazoumia zaidi. Kwa sababu hiyo uvimbe hupungua upesi, na kwa sababu hiyo pia nywele za mtoto hudondoka, kwani mizizi ya nywele nayo hugawanyika kwa haraka. Nywele zitaota tena.

Hapa ndipo familia nyingi hupotewa. Dawa ya kwanza ikitiwa, baada ya siku chache uso wa mtoto hurudi kama ulivyokuwa. Mzazi hufurahi. Nauli imekwisha, shamba limeota magugu, watoto wengine wameachwa kwa jirani. Humchukua mtoto wakarudi nyumbani. Lakini turudie hesabu yetu. Dawa ikiwa imeua seli 999 katika kila 1,000, macho hayataona kitu chochote katika taya. Hata hivyo, hiyo moja iliyosalia katika kila 1,000 inahitaji kudurufika mara 10 tu ili uvimbe uwe kama mwanzo. Nayo yaweza kurudi katika ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo kuitibu ni kazi ngumu zaidi. Kupotea kwa uvimbe maana yake dawa imeanza kushinda, na vita havijaisha. Daktari pekee ndiye wa kusema vimekwisha.

LA KUFANYA NYUMBANI

Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa miaka minne hadi tisa, na wavulana kuliko wasichana. Dalili za kuangalia ni hizi: meno kulegea yasipofika wakati wake, ufizi au taya kuvimba, jicho kutokeza, tumbo kuvimba na kuwa gumu, au miguu kupoteza nguvu ghafula. Uvimbe wa taya mara nyingi hauumi sana mwanzoni, na ndiyo maana hudharauliwa.

Mtoto akiwa na dalili hizo, asing'olewe meno nyumbani, asichanjwe, wala asichomwe. Apelekwe hospitali siku hiyo au ya pili. Mzazi amwombe mganga wa zahanati barua ya kumhamishia hospitali kubwa ya Arua, au mahali penye wataalamu wa ugonjwa huu kama vile hospitali ya Lacor huko Gulu na Taasisi ya Saratani, Mulago. Madaktari watakata kipande kidogo cha uvimbe na kukitazama kwa hadubini. Watakachokitazama sana ni viini vya seli. Wazazi wasikiogope kipimo hicho.

Mtoto anapokuwa katika dawa, seli zake za kinga hupungua. Apewe maji yaliyochemshwa na chakula kilichopikwa kikaiva, kama vile uji, maharage, mayai na samaki, na mikono ya anayemlisha iwe safi. Akipata homa, arudishwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Kwa watoto walio wazima, kinga yetu kubwa ni kupigana na malaria. Watoto walale ndani ya chandarua kila usiku, kiangazi na masika. Homa ipimwe na kutibiwa mapema kwa dozi kamili. Tangu mwaka 2025 Uganda imeanza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto wachanga. Penye chanjo hiyo mtoto apelekwe kwa dozi zote. Chandarua kimoja hakitoi ahadi kwamba mtoto hatapata saratani, lakini hupunguza ile vurugu inayozichosha seli zake.

LAWAMA HAZINA MAHALI

Limebaki jambo moja, nalo ni zito. Katika vijiji vyetu mtoto akivimba taya, maneno huanza. Wengine husema ni uchawi wa jirani. Wengine huulaumu ukoo wa mama. Ndoa zimewahi kuvunjika, na jamaa wamewahi kutengana, kwa maneno hayo.

Kiini kinatoa ushahidi ulio wazi. Lile kosa la kromosomu ya 8 na ya 14 limo katika seli za uvimbe peke yake. Viini vya ngozi ya mtoto huyo, vya moyo wake na vya ini lake, havina kosa hilo. Kwa hiyo hakuzaliwa nalo, wala hakulipokea kwa mama au kwa baba. Ni tofauti na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili, na ambao alama yake imo katika kila kiini cha mwili. Tena uvimbe wa Burkitt hauambukizi. Ndugu zake waweza kulala naye, kula naye sahani moja na kucheza naye. Kumtenga ni kumwongezea ugonjwa wa pili.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Baba asimwachie mama peke yake mzigo wa safari ya hospitali. Wajomba na shangazi wachange nauli. Jirani alilime shamba la aliyeko wodini. Matibabu ya mtoto mmoja huchukua miezi kadhaa, na familia moja peke yake huchoka. Kijiji kikisaidiana, mtoto hukaa wodini mpaka daktari aseme amepona.

Juma lijalo ukurasa huu utaeleza selimundu kwa kirefu, na kwa nini vijana wanaokusudia kuoana wapimwe damu kabla ya harusi.